Kiungo cha Fito Mbili, Kutoka Rashidiya Hadi Sur

Hapana Prossy, si kweli kwamba chuma ni chuma na kazi yake ni kuvuta tu. Umelirudia hilo neno tangu jana ukikaanga mayai, na mi nikanyamaza kwa sababu usingizi ulikuwa umenibeba. Sasa naandika, ili wewe na wasichana wengine wa hii nyumba yetu ya Silicon Oasis, hapa Dubai, msome mara moja na msiniulize mmoja mmoja.

Na lile la ndege nalijibu hapa hapa. Ndiyo, ndege inafika Muscat haraka. Halafu? Sur iko mbele sana ya Muscat, na njiani hakuna kitanda. Bibi Zuwena ninayemhudumia kule Rashidiya, tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga, hawezi kukaa kitako muda mrefu. Akikaa kidogo lazima alale chali, na iwe mahali palipoinuka, si mkeka, maana akishuka chini hainuki. Ndiyo maana mumewe, Bwana Seif, akanunua karavani kwa mtu aliyekuwa anahama. Mpango ulikuwa mimi naendesha gari lake kubwa jeupe, karavani inafuata nyuma, na kila tukisimama Bibi anapanda kitandani mwake kunyoosha mgongo. Likitembea gari, anarudi kwenye kiti. Hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa ndani ya karavani ikiwa barabarani.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumwona dada yake Bibi, Bi Salma, ambaye anasahau watu. Binti yake, Moza, alipiga simu nikiwa namwagia Bibi chai, na Bibi huweka simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo nilisikia yote.

"Mama mdogo, juzi kamkataa kaka. Jana kamkataa mjukuu wake. Weye bado anakutaja. Lakini sijui mpaka lini."

Bibi akaweka kikombe chini. "Tunakuja," akasema.

Vibali, bima na mambo ya mpakani nayaruka. Yalichosha lakini hayana hadithi.

RAS AL KHOR

Mwanzoni tulifunga karavani kwa kile kipira cha chuma cha kawaida kilicho nyuma ya gari, kama unavyosema wewe Prossy. Gari likakaa makalio chini, pua juu. Nilizunguka nalo mtaa mmoja tu wa Rashidiya. Usukani ulikuwa mwepesi kama wa gari la watoto, kwa sababu tairi za mbele zilikuwa zinagusa lami kwa aibu. Taa zilimulika ghorofa za watu. Nikarudi, nikamwambia Bwana Seif siendi Oman hivyo.

"Nimeendesha mie miaka mingi bila ya madoido hayo," akasema.

"Uliburuta nini, Bwana?"

"Boti."

"Boti halina kitanda, jiko na tangi la maji."

Akacheka, tukaenda Ras Al Khor kwa fundi mmoja Mpakistani anayeuza vifaa vya kuvutia trela. Hapo ndipo nilielewa kiungo cha kugawa uzito ni nini. Wewe ushawahi kusukuma wilibaro. Ukinyanyua ile mikono, mzigo unaegemea mbele. Hiki kiungo kina fito mbili za chuma zinazotoka nyuma ya gari na kupita chini ya shingo ya karavani, na shingo ni ule mkono wa mbele unaoshikana na gari. Ukizikaza zile fito juu, zinafanya kama mikono ya wilibaro. Makalio ya gari yanainuka, uzito mwingine unasukumwa kwenye tairi za mbele, mwingine unarudi kwenye tairi za karavani yenyewe.

Shida ni kwamba viko vya aina nyingi. Fundi aliuliza kitu kimoja tu: "Shingo ina uzito gani?"

"Wee tupe kubwa kuliko zote," Bwana Seif akasema. "Kubwa haina majuto."

"Arbab, bosi wangu, kubwa sana ni mbaya. Fito ngumu haipindi. Kila tuta la barabara litakupiga mgongoni."

"Basi ndogo."

"Ndogo inapinda tu, haifanyi kazi."

Mi nilikuwa nimetazama video mpaka macho yakauma, na nilitaka ile ambayo fito zake hazining'inii kwa mnyororo. Zinakaa juu ya vibao vya chuma vinavyozibana, kwa hiyo karavani ikitaka kutikisa mkia, fito zinasuguana pale na kuizuia. Bwana Seif alitaka ya mnyororo kwa sababu anajua mnyororo ni nini. Walibishana na fundi kwa Kiarabu, kisha kwa Kihindi, halafu wakanigeukia mimi nikate shauri.

Fundi akapima shingo kwa mizani yake. Akasema vizuri zaidi tungeileta ikiwa imepakiwa kama tutakavyosafiri.

"Ishapakiwa," Bwana Seif akasema. "Kitanda, gesi, maji. Watu watatu, nguo za watu watatu."

"Yalla, tufungie," nikasema.

Tukachukua fito za kati, zenye vibao vya kubana. Kabla ya kufunga, fundi alipima kutoka ardhini mpaka kwenye bati la juu ya tairi ya mbele, gari likiwa peke yake. Akafunga karavani, bati likapanda. Akakaza fito, likashuka karibu na pale lilipokuwa mwanzo. Khalas. Niliandika vile vipimo kwenye kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, nikakibandika kwenye bati ili niwe na alama yangu. Kuzungusha jeki ya shingo kulinitoa jasho, mikono miwili, na fundi akasema hiyo ndiyo dalili nzuri, shingo lazima iwe nzito.

RASHIDIYA NA AL RAS

Hapa ndipo pa kuelewa Wazanzibari wa Dubai, jamani. Bwana Seif alitaja safari kwenye kundi la simu la ukoo, neno moja tu: "Tunakwenda Sur." Kufikia jioni kengele ya mlango haikupumzika. Kila familia ina mtu Sur, na hakuna anayeacha gari liende bila amana. Hiyo amana ni mzigo unaokabidhiwa umpelekee ndugu wa mtu. Huufungui, huulizi, unaufikisha.

Waliletewa khanga, ubani, makopo ya samli, kinu cha mti na mchi wake. Mama mmoja alileta gunia la mchele.

"Kwani Oman hakuna mchele?" nikamuuliza Bibi jikoni.

"Upo."

"Sasa?"

"Ule hakuuchagua dada yake kwa mkono wake."

Alfajiri ya safari tukapitia Al Ras, kwa sababu Bwana Seif aliwahi kuwa na duka huko na bado ana watu. Nilisimamisha karavani mahali ambapo hata baiskeli ingeona haya kusimama. Wapagazi wakaja na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na magunia mawili ya viungo na cherehani ya miguu, ile ya zamani yenye meza ya chuma.

"Bwana, hiyo pia?"

"Ya mjane mmoja pale Sur. Atashonea nini, vidole?"

Vyote viliingia nyuma kabisa ya karavani, maana ndiko kuliko na mlango mkubwa wa mizigo, na mbele kuna kitanda cha Bibi. Mtu hamwekei mzazi magunia kitandani. Hata mi, ambaye nyumbani Kitale nimeona magari yakipakiwa kila namna, niliona sawa tu. Mzigo unakaa nyuma. Wapi kwingine?

AL RAS HADI NJIA YA HATTA

Tulipotoka mjini gari lilikaa sawa kabisa. Si sawa tu, lilikaa vizuri kuliko pale kwa fundi. Tulipojaza mafuta nilipima tena, nikalinganisha na alama yangu. Bati la mbele lilikuwa chini hata ya kile kipimo cha gari likiwa peke yake.

"Chuma hichi ni rijali," Bwana Seif akasema. "Nimekubali. Nekesa unajua kununua."

Nikafurahi, sitasema uongo.

Halafu lori likatupita. Upepo wake ulipotugusa, nikahisi kitu kinanivuta nyuma kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena zaidi. Nilikuwa nimesoma kwamba hapo hukanyagi breki ya gari, unaachia mafuta na kushika usukani bila kupigana nao. Nikafanya hivyo. Ikatulia.

"Mbona yatutikisa?" Bibi akauliza kutoka kiti cha nyuma.

"Upepo, Bibi."

Lori la pili, vile vile. Tulipofika mteremko wa milimani, mkia ukaanza bila lori lolote. Kwenye kioo niliona karavani upande huu, halafu upande ule. Bibi alianza kusoma dua, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. Nilipopata kiwanja cha kupumzikia pembeni ya barabara nikaingia, nikazima gari.

"Kaza fito," Bwana Seif akasema.

Nikavipandisha vile vibao vya fito tundu moja zaidi. Tukajaribu mwendo mdogo kwenye kile kiwanja cha kupumzikia. Ikawa mbaya zaidi. Akaanza: ningechukua ya mnyororo, fundi ametupiga, video za kwenye simu zinafundisha watoto ujinga. Nilimwacha aongee nikaenda kushusha jeki ya shingo ili nilegeze tena zile fito. Nikaizungusha kwa mkono mmoja. Karibu kwa vidole.

Nikasimama hapo nikiwa nimeshika kile kishikio. Kwa fundi ilikuwa inanitoa jasho.

Prossy, chuma hakikuwa na kosa. Ile amana yote nyuma ilikuwa inakalia mkia wa karavani na kuinua shingo, kama watoto kwenye bembea ya ubao. Gari lilikaa vizuri kwa sababu shingo ilikuwa imekuwa nyepesi, na karavani yenye shingo nyepesi hutikisa mkia hata ukiifunga kwa dhahabu. Tulikuwa tunakisifu kiungo kwa kazi iliyokuwa inafanywa na cherehani.

Nikawaeleza. Bwana Seif akatazama mlango wa mizigo, akaelewa upesi, akasema kuna jamaa yake Hatta, tunaweza kumwachia vitu vizito mpaka tutakaporudi.

"Hapana," Bibi akasema.

"Zuwena, cherehani tu na magunia."

"Mtu kaniletea mpaka mlangoni, kaniambia mfikishie. Nimwambie nimekiacha Hatta?"

"Basi vinakwenda mbele," nikasema, "mbele ya tairi, vifungwe visicheze." Halafu nikakumbuka kwamba mbele ya tairi kulikuwa na kitu kimoja tu, kitanda chake.

Simu ya Bibi ikalia pale pale. Moza. "Mama mdogo, leo kaamka vizuri! Ananiuliza Zuwena kafika wapi. Kakutaja kwa jina. Mko wapi?"

"Hatta. Mwambie nakuja."

Akakata simu, akanitazama. "Panga kitandani."

"Bibi, utalala wapi tukisimama?"

"Nitakaa."

"Daktari alisema..."

"Nekesa mwanangu, daktari hana dada Sur. Panga."

Kuhamisha mizigo kulikula saa nzima. Mi na Bwana Seif, na dereva mmoja wa lori aliyetuonea huruma, tuliitoa cherehani tukaipitisha mlango wa ubavuni, ambao haukutengenezewa cherehani. Tukaikalisha chini karibu na tairi, magunia juu ya godoro, kinu katikati ya magunia. Nikafunga kila kitu kwa kamba na khanga. Nikajaribu jeki. Nzito, lakini si nzito kupita kiasi. Nikarudisha fito kwenye tundu la kwanza. Bati la mbele likaja kwenye alama yangu.

HATTA HADI SOHAR

Baada ya mpaka barabara ni pana na imenyooka. Lori likatupita, karavani ikajikuna tu, basi. Bwana Seif akaanza kula korosho, na yeye hali akiwa na hofu.

Bibi alikuwa amehamia kiti cha mbele ambacho kinaegemea nyuma kidogo. Kila nikipunguza mwendo alikuwa anashika kile kishikio cha juu ya mlango na kujinyanyua nusu, ili nyonga ipumue. Nilitaka kukimbia. Nilitaka pia kusimama. Vyote viwili kwa wakati mmoja.

Sohar, kwenye kituo cha mafuta, gari moja lilikuwa limeegeshwa kimshazari likinifungia njia, na mi na karavani sirudi nyuma hivi hivi. Nikamwambia Bwana Seif kwa Kiswahili, kwa sauti, kwamba huyu mzee ameegesha kama punda aliyefungwa na mlevi.

Mzee mwenye kanzu na kofia akageuka. "Punda ndiye mimi," akasema. "Mlevi simjui. Hamjambo?"

Mnacheka. Mi nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa amezaliwa Tabora, akarudi Oman akiwa kijana, na hakuwa amepata mtu wa kumtukana kwa Kiswahili muda mrefu. Alifurahi sana. Akasema hatuendi popote kabla ya kula.

"Shikamoo mzee, tuna haraka, kuna mgonjwa anatungoja," nikasema.

"Marahaba. Na huyu mama hapa mbele, yeye mzima?"

Nikamtazama Bibi. Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu.

Tukaenda kwake. Mkewe akamlaza Bibi kwenye kitanda cha kweli, chenye mito miwili, na Bibi akafumba macho kabla hajamaliza kusema ahsante. Sisi tukaletewa wali, samaki wa kukaanga na pilipili ya ndimu, kisha kahawa na tende, kisha matunda, kisha kahawa tena. Chakula kilikuwa kitamu, nakiri, lakini nilikula nikitazama mlango. Mzee aliniuliza habari za Kitale, akaniuliza kama mahindi ya huko bado ni makubwa. Nikamjibu kifupi. Bwana Seif akanikanyaga mguu kando ya sinia.

"Tumwamshe?" nikamuuliza pembeni.

"Ukimwamsha sasa utamfikisha nini huko? Kuni?"

Tulimwacha alale. Jua likavuka upande wa pili.

SOHAR, MUSCAT, NA MILIMA

Muscat tuliipitia kwa pembeni. Siwezi kuwaambia ikoje. Niliona vibao na taa za nyuma za magari.

Baada yake kuna milima, panda shuka, na hapo kile kiungo kilinilipa. Mlimani gari halikuinua pua. Mteremkoni karavani ilikaa nyuma yangu kama mwanafunzi kwenye foleni. Kuna mahali upepo wa bondeni ulitupiga ubavuni, usukani ukaniomba kidogo tu, nikaupa, tukaendelea. Kama nina jambo moja la kumshauri mtu anayenunua, ni kwamba apakie kwanza, kila kitu, hata cherehani za wajane, ndipo apeleke shingo ikapimwe. Fito za kati zilitutosha kwa bahati. Kwa hesabu hazikutafutwa.

Bibi alimpigia Moza. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Pengine yuko jikoni," Bwana Seif akasema.

"Pengine," Bibi akasema, akaiweka simu kwenye mapaja, uso wa simu chini.

SUR

Tulifika jioni, mwanga bado upo. Nyumba ya Bi Salma ina ua mkubwa wa changarawe, na yeye alikuwa amekaa kwenye baraza, mwembamba, amevaa khanga mbili na bangili. Moza alikuja mbio getini, na kabla hajasema kitu nilijua.

"Alikuwa mzima mpaka adhuhuri," akamwambia Bibi. "Kakungoja. Halafu kalala, na alivyoamka..."

Bibi alishuka kwenye gari taratibu, akishika mlango, kisha bega langu. Akatembea hadi barazani. Bi Salma alimtazama juu chini, kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni.

"Shikamoo dada," Bibi akasema.

"Marahaba. Wewe nani mwenzangu?"

Moza akaanza, "Mama, huyu ni..." na Bibi akamzuia kwa mkono.

"Nimekuja na ile," Bibi akasema, akaonyesha karavani.

Bi Salma akachungulia. "Kinyumba kile chako?"

"Changu."

"Kina mpaka dirisha. Na pazia." Akafikiri. "Basi umehamia. Wewe jirani."

"Ndiyo, jirani."

"Afadhali. Humu ndani wote wageni, sijui wanatoka wapi, wanalala mpaka vyumbani mwangu. Wewe una kwako." Akamsogezea mto. "Kaa, jirani. Una maumivu weye, nakuona. Kesho njoo tunywe chai. Usichelewe, mie huamka mapema."

Bibi akakaa. Hakulia. Aliuliza habari za ndege waliokuwa juu ya ukuta, na Bi Salma akamweleza moja baada ya moja, mkono wake ukiwa juu ya goti la Bibi.

Watu wa amana wakaanza kuja kabla hata hatujanawa. Mjane alikuja na vijana wawili kubeba cherehani yake, akaipapasa meza kama anayempapasa mtoto aliyetoka shule ya bweni. Kufikia swala ya magharibi kitanda kilikuwa kitupu tena, nikakikung'uta, nikatandika shuka safi.

Moza alikuwa amemwandalia Bibi chumba. Bibi akasema hapana, Salma akimkuta chumbani atampigia kelele kama anavyowapigia wengine. Akaniita pembeni ya karavani.

"Hii yaweza kukaa hapa bila ya gari?"

"Inaweza, Bibi. Ina miguu yake minne, unaizungusha inashuka."

"Kwa muda mrefu?"

"Hata mwaka."

Bwana Seif alikuwa nyuma yetu. "Na sie turudi na nini, Zuwena?"

"Na gari. Si mlikuwa na gari kabla?"

Bwana Seif akatazama barazani ambako Bi Salma alikuwa anamwambia Moza asikae kwenye kiti cha jirani. Kisha akaniuliza mimi, polepole, kama kufungua kiungo ni kazi ngumu kama kukifunga. Nikamwambia si ngumu.

Nikaamua asubuhi, kabla ya ile chai, nitafungua fito zote mbili, nitaisogeza karavani mpaka mlango wake utazamane na baraza la Bi Salma, na nitaishusha kwenye miguu yake minne, isawazike vizuri, ili Bibi akitoka asiwe na hatua ndefu.